Kibao Kinachoishia Magotini

Mwenyekiti, walimu wangu, wazee, nanyi vijana mliokaa kwenye ngazi kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie sanamu za watu ambao mikono yao ina damu: je, ziondolewe, au zibaki na kuongezewa maelezo? Nitaanza na safari ya sanamu moja, maana imetembea kuliko wengi wetu humu ukumbini.

Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann. Kwa asiyemkumbuka, huyu ndiye aliyetumwa kuzima vita vya watu wa Mrima, pwani yetu, vilivyoanza mwaka 1888, na ni katika ukamanda wake kiongozi wa vita hivyo, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Baadaye akawa gavana wa koloni zima. Mchongaji alimsimamisha Wissmann juu, amevaa sare zake, mkono kwenye upanga. Chini, miguuni pake, akamweka askari Mwafrika. Askari huyo ameinamisha bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyekufa, na shingo ameielekeza juu, anamtazama bwana wake. Wissmann ana jina. Simba hana, na wala halihitaji. Askari naye hana.

Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliishusha sanamu ile, wakaipakia melini mpaka London. Mwaka 1921 wakawaachia Wajerumani mali yao, na mwaka uliofuata ikasimamishwa upya mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Hapo nisikilizeni vizuri. Chuo kile kilichipuka kutoka taasisi ya kikoloni iliyokuwa ikiwafundisha Kiswahili maofisa wanaojiandaa kuja huku. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini, Mjerumani aliyekwenda Hamburg kujifunza lugha yetu alipita mbele ya viatu vya aliyemshinda Abushiri. Mwaka 1967 wanafunzi wakaifunga kamba, wakaivuta, ikaanguka. Wakubwa wakairudisha juu. Mwaka 1968 wanafunzi wakaivuta tena, na safari hiyo haikurudi. Ikapelekwa stoo.

Hesabuni nami. Imesimamishwa na kushushwa si chini ya mara tatu. Katika panda shuka yote hiyo, kuna aliyesahau vita vya Mrima? Huko Mrima kwenyewe habari ya vita ile ilikwishatungiwa utenzi, kwa hati za Kiarabu, na mshairi aliyeishi zama hizo hizo. Utenzi ule haukuhitaji kitako cha jiwe, na hakuna jeshi lililoweza kuupakia melini.

Nasema hivi kwa sababu hoja ya kwanza utakayokutana nayo, iwe Bristol, iwe Cape Town, iwe Windhoek, ni kwamba mkiishusha sanamu mtakuwa mmeifuta historia. Wanaoisema wengi wao si watu wabaya. Ila wanachanganya vitu viwili. Historia ni yaliyotokea na namna tunavyoyajua. Sanamu ni heshima. Hakuna aliyegharimia tani za shaba ili mimi na wewe tumfahamu mtu. Kufahamiana kunatosha kwenye karatasi. Mtu anainuliwa juu ili tumtazame kwa kuinua shingo, kama yule askari. Ndiyo maana mimi nikifika mbele ya sanamu siulizi mhusika alizaliwa lini. Nauliza nani ameisimamisha, mwaka gani, na siku ile alikuwa anamwambia nani.

Mchukueni Edward Colston. Alikufa mwaka 1721. Sanamu yake pale Bristol, Uingereza, ilisimamishwa mwaka 1895, yaani miaka 174 baadaye. Alikuwa miongoni mwa wakubwa wa kampuni iitwayo Royal African Company, ambayo katika miaka aliyokuwamo ilisafirisha Waafrika wapatao 84,000 kuvuka Atlantiki, na wapatao 19,000 kati yao walifia njiani. Watu wa mwaka 1895 hawakuwa wanamkumbuka Colston. Hata babu wa babu zao hakumwona. Walikuwa wanatafuta mfano wa tajiri mkarimu, na Colston alikuwa ameacha fedha nyingi kwa shule na kwa maskini wa mji. Basi wakaandika kwenye kibao kwamba huyu ni mmoja wa wana wema na wenye hekima zaidi wa mji wao. Habari za meli wakazimeza.

Marekani nako, vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha mwaka 1865. Sanamu ya Jenerali Robert E. Lee, aliyeongoza jeshi la kusini lililotetea utumwa, kule Charlottesville, Virginia, ilizinduliwa mwaka 1924, wakati sheria za ubaguzi zimewakaba Weusi shingoni katika majimbo ya kusini. Jenerali aliyeshindwa vita anapandishwa juu ya farasi karibu miaka sitini baada ya kushindwa, na wajukuu wa waliokuwa watumwa wanapita chini yake kwenda kazini. Hawakuhitaji mtu wa kuwafasiria.

Lakini sikuja na nyundo mfukoni. Nimefanya kazi ya makumbusho karibu maisha yangu yote, na mtu wa makumbusho akisikia neno "yeyusha" tumbo linamkata. Sanamu ya Lee ilishushwa mwaka 2021, na mwaka 2023 ikayeyushwa kweli. Wenyeji walikuwa na sababu zao, na mimi si mwenyeji. Ila ningekuwa kwenye kikao kile ningepinga. Nitawapa sababu kwa mfano wa Windhoek.

Pale, mji mkuu wa Namibia, palikuwa na mpanda farasi wa shaba, amezinduliwa Januari 1912 siku ya kuzaliwa kwa Kaisari wa Ujerumani. Alikuwa kumbukumbu ya Wajerumani, askari na raia, waliokufa katika vita dhidi ya Waherero na Wanama. Kibao chake kiliwahesabu wafu wa upande huo. Waherero na Wanama waliouawa kwa makumi ya maelfu, kwa risasi, kwa kiu ya jangwani na kwa kambi za mateso, hawakuwa na hata mstari. Sasa mimi nasema kibao kile ni ushahidi wa mahakamani. Kinakuonyesha kwa mwandiko wa mshitakiwa mwenyewe jinsi mtu anavyoweza kutaka kumaliza taifa zima kisha akakaa chini kuwahesabu wafu wake tu. Ukiyeyusha ushahidi unamsaidia nani? Wanamibia hawakuuyeyusha. Walimhamisha farasi yule mwaka 2009, kisha siku ya Krismasi mwaka 2013 wakamtoa barabarani wakamwingiza kwenye ua wa ngome ya zamani ya Wajerumani, nyuma ya kuta. Yupo. Anayetaka kumsoma atamsoma, lakini hasimami tena juu ya mtu yeyote anayekwenda sokoni.

Na ipo hoja nyingine ya wanaotaka zibaki, ambayo mimi inaniuma kidogo kwa sababu ina ukweli. Wanasema kushusha sanamu ni rahisi. Kreni moja, nusu siku, picha kwenye magazeti, mheshimiwa anapunga mkono. Kurudisha ardhi si nusu siku. Pale Namibia mpanda farasi amehama, mashamba hayajahama. Naikubali hoja hii, ila naikubali kama onyo. Mtu akikwambia kufagia uani hakuponyi ugonjwa wa mama, amesema kweli, lakini hajasema usifagie.

Sasa nifike kwenye kibao, ambako ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo.

Suluhisho linalopendwa na kamati zote duniani ni hili: tuiache sanamu, tuongeze kibao cha maelezo. Linapendwa kwa sababu halimkasirishi mtu sana, na kibao ni bei rahisi. Mimi vibao nimeviandika kwa miaka mingi. Nikisema kibao ni dhaifu, ni kama fundi cherehani anayekwambia mshono wake hautashika, afadhali umsikilize.

Siku moja nilikaa kwenye benchi mkabala na sanamu, sitaitaja ni ya nani wala iko wapi, nikawa nahesabu watu wanaosoma kibao. Kibao chenyewe kilikuwa kizuri, maneno yamepimwa, ukweli wote umo. Nilikaa saa nzima. Watu thelathini na mmoja walipita karibu kabisa. Wengi waliinua macho juu. Wawili walipiga picha. Mmoja tu aliinama mbele ya kibao, moyo wangu ukafurahi, kumbe anafunga kamba ya kiatu.

Sanamu ina urefu wa mara mbili ya mtu, na imesimama juu ya jiwe lenye urefu wa mtu mwingine. Kibao kimebandikwa magotini. Sanamu inasema kwa sauti ya mnara, kibao kinajibu kwa kunong'ona, tena kwa mwenye kujua kusoma, tena kwa lugha iliyochaguliwa, tena kama hana haraka. Mtoto wa miaka mitano hasomi kibao. Lakini ameshaelewa kwamba aliye juu ni mkubwa. Hilo hakufundishwa, shingo yake imemfundisha.

Halafu kuna lugha ya vibao. Hapa naomba niwe mwalimu wa sarufi kidogo, mtanivumilia. Kiswahili kimetupa kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Ukisema mlango ulivunjwa, umekiri kwamba yupo mvunjaji, hata kama hukumtaja. Ukisema mlango ulivunjika, mvunjaji ametoweka. Labda ni upepo, labda ni mchwa. Kamati za vibao zinaipenda kauli ya kutendeka kama mtoto anavyopenda sukari. Watu walipotea. Vijiji viliteketea. Maisha mengi yaliangamia. Niliwahi kuandika kibao kuhusu mtu mmoja nikaweka neno "aliuawa". Kikao cha kwanza kikasema neno ni zito. Cha pili kikapendekeza "alikutwa na mauti". Kiliporudi kutoka kikao cha tatu kilisomeka "alifariki", na tarehe. Nilikaa nikakitazama kibao changu nikaona nimemzika mtu yule mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu.

Wenzetu wa Bristol waliyapitia haya mchana kweupe. Watu wa mji walikuwa wamelalamika kuhusu Colston kwa miaka mingi. Ikaamuliwa kibao cha pili kiandikwe. Mwaka 2018 rasimu ikatoka: imetaja meli, imetaja idadi, imetaja watoto. Wapo waliosema ni kali mno. Ikapunguzwa, ikabishaniwa neno kwa neno, ikapunguzwa tena, mpaka kibao kikasubuliwa kabisa kwa shaba. Mwaka 2019 meya wa mji, Marvin Rees, ambaye baba yake ni Mjamaika, akakikataa, kwamba maneno yale hayatoshi. Kikabaki hakijabandikwa. Tarehe 7 Juni 2020 umati ukafunga kamba, Colston akaanguka kifudifudi, akaviringishwa mpaka bandarini akasukumwa majini. Wapo wanaoona kamba ilikuwa na haraka. Mimi naona kibao ndicho kilichochelewa. Na bandari ile aliyozamishwa ina daraja lililopewa jina la Pero, mtumwa aliyeletwa Bristol na tajiri wake kutoka visiwa vya Karibi. Mambo mengine hata mtunzi wa hadithi angeona aibu kuyapanga hivyo.

Oxford nako, Chuo cha Oriel kina sanamu ya Cecil Rhodes ukutani, juu sana mbele ya jengo. Mwaka 2021 tume waliyoiunda wenyewe ilikuwa na wengi waliotaka aondolewe. Wakuu wa chuo wakasema gharama na taratibu za majengo ya kale ni kikwazo, akabaki. Wakaweka kibao. Haki itendeke, kibao chenyewe si kibaya: kinasema wazi kwamba utajiri wake ulitokana na kunyonya madini, ardhi na watu wa kusini mwa Afrika. Mtendaji hawakumficha. Lakini Rhodes yuko juu ya mlango, kibao kiko chini. Magotini hakifiki.

Je, basi hakuna namna ya kuibakiza sanamu ikasema jambo jingine? Ipo. Ila ni lazima uuguse mwili wa sanamu. Maneno peke yake hayamshushi mtu wa shaba.

Kule Ostend, ufukweni mwa Ubelgiji, yupo Mfalme Leopold wa Pili juu ya farasi. Kando yake, chini, wamechongwa Wakongo wanaomshukuru kwa kuwaokoa na utumwa. Mnajua Leopold alikuwa nani kwa Kongo, na mnajua habari ya mikono ya Wakongo chini ya utawala wake. Mikono ile haikukatika, ilikatwa. Mwaka 2004 watu wasiojulikana sura zao walikwenda wakakata mkono wa shaba wa mmoja wa Wakongo wale na kuondoka nao. Hawakumgusa mfalme. Walifanya shukrani ile isiwezekane. Leo ukipita unaona Mkongo anamshukuru Leopold kwa kiganja kisichokuwapo, na huhitaji mtu akusomee kitu. Naomba nisieleweke vibaya, sisemi mtoke hapa mkatafute msumeno. Nasema kama fundi wa vibao: miaka yote ya kazi yangu sijawahi kuandika sentensi yenye nguvu kama kile kigutu.

Accra, siku ya mapinduzi ya mwaka 1966, umati uliiangusha sanamu ya Kwame Nkrumah. Nyakati zikageuka, Nkrumah akarudishiwa heshima yake, na mwaka 1992 bustani ya kumbukumbu yake ikafunguliwa na sanamu mpya ya dhahabu dhahabu. Lakini ile ya zamani nayo imewekwa palepale, haina kichwa, na kichwa chenyewe kimewekwa kando yake, juu ya kitako chake. Hawakuiunga. Wangeiunga, mtu angeona shujaa tu. Sasa anaona shujaa, anaona hasira ya watu wake, anaona na majuto, vyote kwa jicho moja.

Asunción, Paraguay, dikteta Stroessner alikuwa na sanamu kilimani. Ilishushwa baada ya kuanguka kwake, na msanii Carlos Colombino akaigawanya vipande, akavibana katikati ya matofali mawili makubwa ya zege. Uso unachungulia, mikono inatokeza pembeni. Mtu aliyewabana wengine miaka 35 anatazama nje kama aliyebanwa na mlango wa lifti.

Bolzano, kaskazini mwa Italia, kuna jengo lenye nakshi kubwa ya Mussolini juu ya farasi, imechongwa ukutani kwa upana wa jengo zima. Kuibomoa si kazi ndogo. Mwaka 2017 waliandika kwa taa, mbele ya nakshi yenyewe, sentensi inayotokana na mwanafalsafa Hannah Arendt: hakuna mwenye haki ya kutii. Kwa lugha tatu za wenyeji. Usiku nakshi inafifia, sentensi inawaka. Hiki nacho ni kibao, nakubali. Lakini kimepandishwa mpaka usawa wa uso wa farasi, na hapo ndipo wengine wanaposhindwa.

Na Colston mwenyewe. Walimwopoa majini baada ya siku nne, na mwaka 2021 wakamweka kwenye makumbusho ya M Shed, palepale bandarini. Hawakumsimamisha. Wamemlaza chali, rangi walizomwagia waandamanaji ziko vilevile usoni na mwilini. Mtu aliyepita miaka 125 akimtazama kwa kuinua shingo, leo anainamisha shingo. Umbali ni mita chache tu, lakini uhusiano wote umegeuka. Nikiulizwa kipi katika vyote nilivyowahi kuviona kwenye kazi hii kimefaulu, nitajibu hicho: kumlaza mtu.

Kuna jambo dogo lilitokea walipokuwa wanamsafisha, nami silisahau. Ndani ya mikunjo ya koti lake la shaba wahifadhi walikuta gazeti lililoviringishwa, la Oktoba 1895, na kwenye kurasa zake yameandikwa kwa mkono majina. Ni majina ya mafundi waliomsimamisha. Nitarudi hapo.

Sasa nani aamue? Hapa sina mengi, kwa sababu jibu ni la kuchosha: kikao. Lakini kikao cha watu wanaopita chini ya sanamu kila siku, si cha wanaoiona mara moja kwa mwaka siku ya gwaride. Kinshasa wana kisa chao. Sanamu ya Leopold ilishushwa zama za Mobutu. Februari 2005 serikali ikairudisha barabarani katikati ya jiji, kwa hoja ileile kwamba watu waikumbuke historia yao. Haikufika kesho. Saa chache tu, ikashushwa tena. Waziri hakuwa amewauliza watu kama wanahitaji kumtazama Leopold ndipo wamkumbuke. Kinyume chake ni Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwanafunzi Chumani Maxwele alimmwagia Rhodes kinyesi tarehe 9 Machi 2015. Ikafuata mijadala, vikao, kelele, mabaraza. Tarehe 9 Aprili kreni ikamwinua Rhodes mchana, mbele ya umati. Mwezi mmoja kamili. Wapo waliolia siku ile na wapo waliocheza, lakini hakuna aliyeamka asubuhi akakuta kitako kitupu akajiuliza nani kaiba.

Na kitako kitupu nacho tusikiogope. New Delhi, karibu na India Gate, Mfalme George wa Tano aliondolewa mwaka 1968 chini ya kibanda chake cha mawe. Kibanda kikabaki kitupu zaidi ya miaka hamsini, mpaka Subhas Chandra Bose, mpigania uhuru wa India, alipowekwa mwaka 2022. Mimi nilikuwa nakipenda kitupu. Watu wana haraka ya kujaza. Mtu akitoka tu, kamati inaanza kumtafuta wa kumrithi, kama kwamba jiwe litakufa kwa njaa.

Kijana mmoja ameniandikia kikaratasi kabla sijaanza, anauliza: je, na wa kwetu? Nashukuru kwa swali, lilikuwa linanisubiri. Ni rahisi kumhukumu Leopold. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, ilizinduliwa sanamu ya Mahatma Gandhi, zawadi kutoka India. Walimu wakaingia kwenye maandishi ya ujana wake Afrika Kusini, wakakuta aliyoyasema kuhusu Waafrika, na mwishoni mwa 2018 akaondolewa. Wapo wanaoona ni haki, wapo wanaoona ni ukosefu wa adabu kwa mtu mkubwa aliyebadilika. Mimi nadhani Gandhi anastahili sanamu mahali pengi. Kama ni Legon, sikuwa mimi wa kupita chini yake.

Na wa kwetu zaidi ya huyo ni yule Askari wa Dar es Salaam, aliyesimama katikati ya mji tangu mwaka 1927, bunduki mbele, singe imeelekezwa bandarini. Waingereza walimweka katika mji uleule waliokuwa wamemshusha Wissmann. Tumempenda, tumepigia picha za harusi karibu naye. Maandishi yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha hati mbili, Kilatini na Kiarabu, ni ya kuwakumbuka askari wa Kiafrika wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 na wapagazi, waliotajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, kwa malaria na kwa njaa, wakiwa wamebebeshwa mizigo ya vita ambavyo havikuwa vyao. Lakini aliyepandishwa juu ni mwenye bunduki. Nairobi, kwenye kumbukumbu kama hiyo, walau mpagazi amechongwa akasimama pamoja na wenzake. Dar es Salaam miguu na mikono ya jeshi imebaki kuwa maneno, tena chini, magotini. Tukisema leo tuigeuze sanamu hiyo, mimi singependa aguswe hata kidole. Ningependa mpagazi asimame karibu naye, kwa kimo kilekile, na mzigo wake kichwani, ili kila anayepita ajue vita vile vilibebwa na nani.

Narudi kwa majina. Ndani ya koti la Colston kulikuwa na majina ya mafundi, hakuna aliyejua kwa miaka 125, ilibidi aanguke ndipo yaonekane. Nami kila nikifikiria sanamu ya Wissmann, wala simfikirii Wissmann. Namfikiria aliyekaa miguuni. Tuseme tumepewa sanamu ile leo, tuambiwe tufanye tutakavyo. Wissmann tutamlaza, hilo halinipi tabu. Bendera tutaiweka kabatini. Simba tutawapa watoto wampande. Lakini yule askari tutamweka wapi? Alipigana upande wa aliyemnyonga Abushiri. Pengine alikuwa Msudani aliyeajiriwa Misri, maana wengi wa askari wa mwanzo wa Wissmann walitoka huko. Pengine mchongaji alimtoa kichwani tu. Ukimwondolea bwana wake, anabaki amepinda shingo, anatazama juu pasipo na mtu. Ukimwacha na bwana wake, umemwacha alivyokuwa. Nimelihangaikia swali hili kwa muda mrefu na kibao chake sijaweza kukiandika.

Naona mikono imeshaanza kuinuka kule nyuma. Mpeni kipaza sauti yule dada aliyekaa kwenye ngazi, yeye ndiye aliyeinua wa kwanza.